Shamba Lisilo na Nyayo

10 Februari 2003

Nimerudi jana kutoka Kibiti kwenye semina ya walimu wa sayansi. Wiki nzima tumefundishwa namna ya kutofundisha. Mwezeshaji, kijana mwembamba anayefuta ubao kwa kiganja badala ya dasta, anasema somo la sayansi lianze na swali la mtoto. Mtoto aulize, akisie jibu, achunguze, na mwisho aeleze alichokiona na sababu yake. Mwalimu asikimbilie kujibu. "Ukijibu wewe, somo limekufa," alikuwa akirudia kila siku kabla ya chai.

Mwalimu Mkuu, Mwalimu Muhidini, amenisikiliza huku akikata kucha. "Mwanahalima, mtihani wa darasa la saba haumuulizi mtoto ana swali gani. Unataka jibu." Lakini amenikubalia nijaribu na darasa la sita, kwa kuwa mtihani wao bado uko mbali.

13 Februari

Andalio la somo limenitoa jasho. Mada ni viumbe hai na chakula chao. Miaka yote, kwenye safu ya kazi ya mwalimu, nimekuwa nikiandika kueleza, kuonyesha, kusahihisha. Leo nimeandika: kunyamaza. Nimeitazama karatasi nikaona haya, kama mtu aliyeomba mshahara wa kulala.

14 Februari

Nimenyamaza. Na wao wamenyamaza. Kengele imetuokoa.

19 Februari

Leo wamefunguka, na aliyewafungua ni Sihaba. Huyu ni mtoto wa dawati la nyuma, mjukuu wa Mzee Mwinyimvua, Mmatumbi aliyeshuka kutoka milimani zamani akalima hapa hadi akazeeka. Mama yake Sihaba alifariki mtoto akiwa anatambaa. Babu ndiye aliyemlea. Hasemi sana. Leo kanyoosha mkono, kauliza: "Mwalimu, nguruwe wanajuaje shamba la kuingia?"

Darasa likacheka. Halafu kicheko kikakatika, maana kila mmoja anajua nguruwe wanavyotutesa huku bondeni, na kila mmoja alikuwa na jibu lake. Wananusa. Wanafuata kulikoachwa bila mlinzi. Ridhiwani, mtoto wa Bashiru, akasema wanarudi walikoshiba mwaka jana. Nikayaandika yote ubaoni, sikusema lipi kweli lipi si kweli. Nilitoka darasani nikiwa na furaha ambayo sijaipata tangu nianze kazi hii.

26 Februari

Mvua. Wanafunzi wachache.

5 Machi

Simba amemuua Abdalah. Alikuwa amelala kwenye dungu lake kulinda mpunga, yeye peke yake. Dungu lilikuwa limejengwa juu, nguzo imara, lakini mnyama alipanda ngazi. Ndugu zake wamemkuta asubuhi. Tangu mwaka jana tulikuwa tukisikia habari za simba huyu kwenye vijiji vya watu wengine, tukisikitika na kuendelea na yetu. Sasa ni wetu.

6 Machi

Darasani hakuna aliyetaka kusoma. Nikawaacha wazungumze. Ridhiwani akasema, "Baba anasema huyu si simba wa porini. Ni simba wa mtu, ametumwa kwa uchawi." Wenzake wakageuka kunitazama mimi. Nilikuwa na la kusema. Nikakumbuka semina, nikaona ngoja wafike wenyewe kwa kuchunguza. Nikanyamaza.

12 Machi

Nimekwenda kwa Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Sadala, kumwomba ruhusa. Kila mtoto atatazama shamba la kwao tu, mchana, akiwa na wazazi wake, aone kama kuna nyayo za nguruwe na wamekula nini. Amekubali. "Wanakwenda huko kila siku kuamia ndege, mwalimu. Afadhali waende na akili."

20 Machi

Tumemaliza ramani. Ni karatasi kubwa ya manila, bonde lote limechorwa humo, mto, njia, mashamba ya kila nyumba. Palipo na nyayo za nguruwe wametia alama ya mkaa. Ridhiwani ana mkono wa kuchora. Madungu yake unaweza kuyapanda. Wamechora hata dungu la marehemu Abdalah, limezungukwa na alama hadi karatasi imekuwa nyeusi.

Shamba moja tu ni jeupe. La Mzee Mwinyimvua. Sihaba mwenyewe ndiye aliyeleta habari: "Kwetu hakuna, mwalimu. Nimezunguka lote." Wakamwita mwongo. Nikamtuma Ridhiwani akahakikishe na baba yake, kwa kuwa wamepakana. Amerudi leo akasema kweli, hakuna hata unyayo mmoja.

Mimi sababu naijua. Mzee Mwinyimvua ameacha mpunga. Tangu wafanyabiashara wa Ikwiriri waanze kugombania ufuta, amelima ufuta mtupu, na nguruwe hagusi ufuta. Wasipokuja nguruwe, simba naye hana la kufuata. Ni jambo rahisi na zuri, na nataka waligundue wenyewe. Kwa hiyo nimechukua kalamu nzito, nikaandika chini ya shamba jeupe: KWA NINI? Hatua ya kueleza ni wiki ijayo. Manila nimeibandika ukutani.

24 Machi

Mzee Mwinyimvua kapita shuleni, kofia mkononi, kaniamkia yeye kabla sijamwamkia.

"Mwalimu, huyu mjukuu wangu ananiuliza maswali hadi nashindwa kumeza tonge. Kwa nini ufuta unafunguka wenyewe ukikauka. Kwa nini mbegu zake nyingine nyeupe nyingine nyeusi. Mie nimekula ufuta tangu nina meno ya utoto, sijawahi kujiuliza."

"Mjibu basi, mzee."

"Si wewe ndiye uliyemwambia asijibiwe?" Akacheka, ana meno machache. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Usimwache akapoa. Mama yake alikuwa hivi hivi, hakupata wa kumsikiliza."

27 Machi

Mkaguzi anakuja. Mwalimu Mkuu ameamuru masomo yote yawe ya marudio na madaftari yajae. Hatua yangu ya kueleza imesogezwa. Manila amesema ibaki ukutani, inapendeza.

2 Aprili

Mvua usiku na mchana. Mkaguzi hajafika, barabara imekatika. Tunaendelea na marudio ya kumsubiri.

9 Aprili

Inna lillahi. Mwanaharusi, mama yake Ridhiwani, ameuawa alfajiri hii. Alitangulia shambani kuamia ndege, mpunga unaanza kushika punje. Mumewe Bashiru alikuwa nyuma kidogo, alisimama kufunga kiatu. Anasema hakusikia hata kelele. Alisikia mpunga ukilala tu, kama umepigwa na upepo.

Nimekaa na wanawake siku nzima. Ridhiwani alikuwa amekaa kizingitini, amevaa sare za shule. Hakuna aliyemwambia avue.

10 Aprili

Msibani nimesikia jina la Mzee Mwinyimvua likitajwa kwa kunong'ona. Juzi juzi yeye na Bashiru walikorofishana kuhusu mpaka wa mashamba. Na Abdalah naye, wanasema, aliwahi kumtolea maneno. Na yule mzee analala bondeni peke yake, mbona haguswi? Mzee mwenyewe alikuja kuzika, alishika koleo. Watu walisogea kumwachia nafasi, lakini haikuwa nafasi ya heshima.

12 Aprili

Niandike hili lote, hata kama mkono hautaki.

Mkutano wa kijiji ulikuwa leo. Ofisi ya kijiji inavuja na nje mvua ilikuwa inamwagika, kwa hiyo Mwenyekiti akaomba darasa. Mwalimu Muhidini akatoa darasa la sita kwa kuwa ndilo lenye bati zima. Sikuwaza kitu. Nilisaidia hata kupanga madawati.

Watu walijaa, wengine dirishani. Walizungumza kuhusu bunduki, kwamba askari wa wanyamapori wameombwa tangu kifo cha kwanza na hawajaja. Ndipo Bashiru akainuka akaenda ukutani. Akaitazama manila. Aligusa kwa kidole shamba lake, lililojaa mkaa.

"Hii nini?"

"Ni somo la watoto," nikasema.

"Hizi nyeusi?"

"Nyayo za nguruwe."

"Na hapa?" Kidole kilikuwa juu ya shamba jeupe. Aliyemjibu si mimi, ni sauti kutoka dirishani: "Hapo kwa Mwinyimvua." Nikaona darasa zima limegeuka, siyo kwenye karatasi, bali kwa mzee, aliyekuwa amekaa kwenye dawati la mjukuu wake huko nyuma, magoti hayaenei.

"Bonde zima nguruwe wameingia," Bashiru akasema, polepole, kama mtoto anayesoma. "Kwake hawaingii. Wanaogopa nini?"

"Ni ufuta!" Nilisema kwa nguvu, nadhani nilipiga kelele. "Amelima ufuta. Nguruwe hali ufuta. Simba anafuata nguruwe, na nguruwe wako kwenye mpunga wenu. Ndiyo sababu yake, hakuna nyingine."

"Na simba naye, mwalimu, hali ufuta?" mtu akauliza, na wakacheka kile kicheko cha watu waliokwisha kuamua.

Bashiru hakucheka. Alishuka na kidole hadi kwenye mwandiko wangu. "Wewe mwenyewe umeandika hapa kwa nini. Ungekuwa unajua, ungeuliza?"

Nilianza kumweleza mambo ya hatua, kwamba swali ni la watoto, kwamba jibu lilikuwa lije wiki iliyofuata. Nilijisikia mwenyewe nikisema maneno ya semina mbele ya mtu aliyezika mkewe juzi. Nikakoma.

Mzee Mwinyimvua alisimama. "Mie sina simba," akasema. "Nina mjukuu na shamba la ufuta. Mkitaka niondoke, nitaondoka. Niacheni nivune." Mwenyekiti Sadala, anayemfahamu tangu ujana, akatazama chini, akasema haya, avune, halafu ahame. Alidhani amemwokoa.

Walipotoka niliibandua manila. Ilichanika pembeni.

14 Aprili

Watoto wamehamisha madawati. Sihaba amebaki peke yake nyuma, na mbele yake pana nafasi wazi. Nimehamishia meza yangu hapo.

17 Aprili

Nimemwomba Mwalimu Mkuu anipe kipindi kimoja tu, niwafikishe watoto kwenye jibu. Amekataa. "Habari ya nguruwe iishe hapa. Wazazi wamekuja kwangu. Wanasema unawafundisha watoto kupeleleza majumba ya watu." Nikamwambia kuliacha somo nusu ndiko kulikoleta haya. Akanitazama kwa huruma, na huruma yake ilinichoma kuliko hasira. "Mwanangu, unadhani wangelikubali jibu lako?"

Sijui. Naandika hapa kwamba sijui.

2 Mei

Maji yamepanda, mto umeingia mashamba ya chini. Simba hajaonekana. Watu wanasema mwenyewe, Mzee Mwinyimvua, amemfunga kwa kuogopa mkutano.

15 Mei

Sihaba amenipa daftari nisahihishe. Majibu yote ni sahihi. Hajauliza swali tangu mkutano ule.

29 Mei

Asubuhi simba alionekana kisimani. Hakumdhuru mtu, wanawake walikimbia wakaacha ndoo. Wanaume wakatoka na mapanga, marungu na mipini. Walipita mbele ya shule, walisema wanakwenda kumsaka mnyama, na mimi niliwaona, nikawaombea dua.

Nilikuwa nafundisha sehemu za ua. Sihaba alikuwa amesimama, ananionyesha kikonyo. Mwenyekiti Sadala akaja mlangoni, hana pumzi. Hakuamkia. "Mwalimu, mtoto huyu mchukue nyumbani kwako. Mpitishe nyuma."

Hawakumwona simba. Walipofika bondeni walimwona Mzee Mwinyimvua anakata ufuta.

Sadala na vijana wawili walimbeba kwa baiskeli hadi barabarani ili wapate gari la kumvusha mto kwenye kivuko cha Ndundu, apelekwe hospitali. Amefia pale barabarani, wakisubiri. Nilikuwa jikoni kwangu nimemshika Sihaba mkono, simwambii kitu, na naye haulizi. Sadala aliporudi na kusimama uani, mtoto aliutoa mkono wake kwenye wangu taratibu, akaenda kukaa chini karibu na ukuta.

30 Mei

Tumemzika. Tulikuwa wachache. Mama mkubwa wake Sihaba, binti mkubwa wa marehemu, amekuja kutoka Nyamwage akamchukua mtoto. Ufuta uliokatwa uko shambani, hakuna anayeugusa.

3 Juni

Polisi wametoka Ikwiriri. Wameuliza nyumba kwa nyumba. Hakuna aliyeona. Mimi nilisema niliwaona wanaume wakipita na silaha. Waliponitaka nitaje nani alipiga, sikuwa na jina. Mwalimu Muhidini ananiambia nimejitafutia uhamisho.

11 Juni

Likizo. Nimelala sana.

18 Juni

Askari wa wanyamapori wamekuja hatimaye, wamempiga simba risasi kwenye mashamba ya mpunga, akiwa juu ya mzoga wa nguruwe. Watu wote wamekwenda kumtazama, nami nimekwenda. Ni dume lililokonda, mbavu zinahesabika. Askari akamfungua kinywa akatuonyesha: jino la nyuma limeoza, taya limevimba usaha. "Mnyama wa maumivu huyu," akasema. "Hawezi kukimbiza swala. Anakula kinachomkabili."

Nyuma yangu mwanamke akasema, "Si mwenyewe amekufa? Nguvu zimemwisha." Wengine wakaitikia.

Bashiru alikuwa mbele kabisa. Aliinama akalitazama lile jino kwa muda mrefu, kama mganga wa meno. Watu walipoondoka yeye alibaki.

8 Julai

Shule imefunguliwa. Sikumwomba mtu ruhusa. Niliibandika ile manila iliyochanika, nikaleta mche wa mpunga, mche wa ufuta na taya la nguruwe nililopewa na askari. Nikawaambia darasa la sita: tulibakiza hatua moja.

Hawakutaka. Nikangoja. Mwisho msichana mmoja akautafuna ufuta, akatema. "Mchungu." Mwingine akataka kujua kila shamba lenye alama lilikuwa na nini. Wakataja wenyewe, moja moja, mpunga, mahindi, mpunga, muhogo, nami nikaandika. Walipofika kwenye shamba jeupe, kila mtu alijua, na hakuna aliyetaka kuwa wa kulisema.

Ridhiwani ndiye aliyesema. "Ufuta." Halafu akasema, "Nguruwe hawakuja kwa sababu ya ufuta. Simba hakuja kwa sababu nguruwe hawakuja." Maelezo kamili, kama mwezeshaji wa Kibiti angeyapenda. Halafu akalitazama dawati la nyuma na uso wake ukabadilika. "Kwa hiyo babu yake Sihaba hakuwa na simba."

"Hakuwa na simba," nikasema.

Akalia. Darasa zima lilimsikiliza. Somo langu limetimia hatua zote, na sijawahi kuwa na siku mbaya zaidi ubaoni.

10 Julai

Bashiru amekuja nyumbani kwangu jioni, akakataa kukaa.

"Mwalimu, mtoto ameniuliza swali. Amesema, 'Baba, siku ile ulikwenda bondeni?'"

"Umemjibu nini?"

"Nimetoka nje." Akatazama njiani. "Nataka kwenda Nyamwage kwa yule mtoto, mjukuu wa mzee. Twende wote. Mie peke yangu hawatanifungulia."

12 Julai, Jumamosi

Tumekwenda. Bashiru alibeba mchele mpya kwenye kiroba. Mama mkubwa wake Sihaba alitupokea kwa adabu, akatutandikia mkeka barazani, lakini kiroba hakukigusa. Sihaba alitoka na kusimama mlangoni. Amekua, au amekonda.

Bashiru alikuwa amejiandaa kusema. Nilimsikia njia nzima akijisemea. Alipomwona mtoto yote yakampotea. Akasema tu, "Mwanangu, nilikuwepo."

Nikadhani Sihaba atakimbia au atalia. Alimtazama, akauliza, kwa sauti ile ile ya darasani:

"Ulimpiga na nini?"

"Mpini wa jembe."

Mama mkubwa akajifunika uso kwa kanga. Mtoto hakumtazama.

"Alisema nini?"

"Aliuliza uko wapi. Nikamwambia uko shule. Akasema, 'Alhamdulillahi. Akae huko huko.'"

"Halafu?"

"Halafu hakusema tena."

Sihaba akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepata alichokuwa anakosa. Nilimwambia nafasi yake ipo, kwamba naweza kukaa naye nyumbani kwangu hadi amalize. "Sitaki huko, mwalimu," akasema, bila hasira. "Kuna shule hapa." Akaingia ndani. Kwaheri aliyoniachia ilikuwa ya mtoto wa mtu mwingine.

Tulipata basi linalotoka Lindi. Tulikaa kiti kimoja. Lilipofika njia panda ya kwetu nikainuka. Bashiru hakuinuka.

"Shuka, mwalimu. Mie naendelea. Nakwenda Ikwiriri, kituo cha polisi."

"Ridhiwani umemuaga?"

"Hapana. Mama yangu atamtunza." Akashika bomba la kiti cha mbele. "Wewe mwambie. Usimwache akisie."

Nimeshuka. Basi limekwenda zake Ndundu kwenye kivuko. Nimetembea hadi kijijini, nikamkuta Ridhiwani amekaa nje kwa bibi yake. Alitazama nyuma yangu, kwenye njia, akaona hakuna anayekuja. Hakuuliza kitu.

Nikaketi karibu naye, nikamjibu.